Tangi la gari la zamani likikosa pumzi

Gari linatembea vizuri kwa nusu saa, kisha linaanza kukohoa na kuzima kama lililoishiwa mafuta. Geji inaonyesha tangi limejaa. Ukisubiri robo saa linawaka, linakwenda kidogo, linazima tena. Hapo ndipo kabureta hufunguliwa, pampu hubadilishwa, koili mpya hununuliwa, na ugonjwa unabaki palepale kwa sababu uko kwenye kifuniko cha tangi.

Kila lita ya petroli inayotoka tangini lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa. Hewa hiyo huingia kupitia tundu la kifuniko au bomba la kupumulia. Ikizuiwa, ombwe (mvuto wa nafasi iliyokosa hewa) linajijenga juu ya mafuta, na ile pampu ya diaframu inayosukumwa na injini inafika mahali inavutana na tangi lenyewe. Bakuli la kabureta linapungua taratibu hadi kukauka. Gari likisimama, hewa hupenya polepole kwenye gasketi na maungio, ombwe linaisha, na ndiyo maana linawaka tena kana kwamba halikuwa na kasoro.

Kuna dalili moja ambayo wengi hawaiangalii: tangi likiwa limejaa, tatizo huja mapema zaidi. Nafasi ya hewa ni ndogo, hivyo lita chache tu zikitoka ombwe linakuwa kali. Tangi likiwa na robo, hewa iliyomo ina nafasi ya kutanuka na gari hilohilo linaweza kwenda mbali bila kukohoa. Petroli inayochemka kwenye bomba, kasoro nyingine inayozima gari vivyo hivyo, haina tabia hiyo. Yenyewe hufuata joto: foleni, mlima mrefu, au kuwasha gari muda mfupi baada ya kulizima likiwa la moto. Tundu la hewa lililoziba litakuzimia gari hata asubuhi ya baridi.

Kupima ni rahisi. Gari likizima, fungua kifuniko papo hapo, mbali na moto au sigara, ukiwa umekifunika kwa kitambaa. Utasikia mfyonzo, lakini usiamini sikio pekee, maana tangi lililokaa juani nalo hutoa sauti kama hiyo likipumua kwenda nje. Shika kipande cha karatasi nyembamba mdomoni mwa tangi wakati unalegeza kifuniko: kikivutwa ndani, umempata mwizi. Ili kuthibitisha, endesha tena barabara ileile kifuniko kikiwa kimelegezwa kidogo, mafuta yasizidi nusu tangi, na usiende mbali. Kuziba mdomo wa tangi kwa tambara na kuendelea na safari ni kutafuta moto.

Sasa tuje kwenye kifuniko, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Viko vyenye tundu la wazi, viko vyenye vali ndogo ya springi inayoruhusu hewa kuingia huku ikizuia mvuke kutoka, na viko vilivyozibwa kabisa. Vyote vitatu vinaweza kuingia kwenye mdomo mmoja na kufanana kwa nje. Kipindue uangalie chini: tafuta tundu katikati, au kisahani kinachobonyea ukikigusa kwa kijiti. Kabla hujanunua kipya, jua gari lako lilitoka kiwandani na mfumo gani. Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yalipumulia kwenye kifuniko. Sheria za kuzuia mvuke wa petroli zilipoanza California kwa magari ya modeli ya 1970, kisha Marekani nzima kwa modeli za 1971, vifuniko vilizibwa na mvuke ukaelekezwa kwenye kopo la mkaa, yaani kopo lenye mkaa unaonasa mvuke huo hadi injini iuvute. Kwa hiyo aina moja ya gari inaweza kuwa na mifumo miwili tofauti kulingana na mwaka wake na soko lake. Ukiweka kifuniko kilichozibwa kwenye tangi la mfumo wa awali, umelinyonga. Ukiweka chenye tundu kwenye mfumo wa kopo, gari litanuka petroli na kumwaga kwenye kona.

Kutoboa kifuniko kilichozibwa kwa drili kunaponya dalili, lakini sikushauri. Tundu lililonyooka halina kizuizi ndani, na tangi likiwa limejaa petroli hurukia rangi ya gari kila ukikata kona. Tafuta kifuniko sahihi.

Kwa matangi yanayopumua kupitia bomba, fuata bomba hilo mwanzo hadi mwisho kwa mkono na tochi. Vinavyoziba ni kutu, tope, dawa ya kuzuia kutu iliyopuliziwa chini ya gari, na nyigu wanaojenga ndani ya vibomba vyembamba. Kipo kingine kinachosahaulika sana: ile dawa ya kupaka ndani ya tangi lenye kutu. Huingia kwenye kibomba cha kupumulia na kuganda humo, na tangi lililorudi likiwa jipya linaanza kuzima gari. Anayepaka dawa hiyo apulize vibomba vyote kabla haijakauka.

Wakati wa kuzibua, ng'oa bomba pande zote mbili ndipo upulize. Usipeleke upepo wa kompresa kwenye tangi. Halikujengwa kubeba presha, na maungio yake yanaweza kuachia.

Mipira ya zamani ya kupumulia huoza haraka kwa petroli yenye ethanoli. Hulainika, hujibana yenyewe kwa ndani, au hupasuka palepale penye klemu. Nunua yenye maandishi SAE J30 R9, alama ya mpira unaohimili petroli ya aina hiyo, na iwe na kipenyo kilekile. Ipande juu kuliko tangi lilivyo kabla ya kushuka, kisha isilale ikafanya tumbo popote: mvuke hupoa, petroli hukusanyika kwenye tumbo hilo, na mpira mpya unaziba kama ule wa zamani. Ncha yake iwe nje ya buti, mbali na ekzosi, imetazama chini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia sakafuni, kwa hiyo harufu ndani ya buti si jambo la kuzoea.

Kopo la mkaa nalo lina pumzi yake. Mpira mmoja unatoka tangini, mwingine unakwenda kabureta, na chini kuna mlango wa hewa safi wenye filta ya sponji. Filta hiyo ikijaa vumbi, tangi linakosa hewa. Mtu akizoea kujaza hadi mdomoni, petroli yenyewe huingia kwenye mkaa na injini inavuta mchanganyiko mzito, plagi zinakuwa nyeusi.

Kama tatizo ni petroli kurudi mdomoni wakati wa kujaza, hilo ni bomba jingine: ule mpira mnene unaotoa hewa kutoka juu ya tangi hadi shingoni. Mara nyingi umekunjika.

Usiahirishe kazi hii. Ombwe la sehemu moja ya ishirini ya presha ya hewa, kwenye bati la sentimita 80 kwa 50, ni mzigo wa takribani kilo 200, na matangi hubonyea kweli. Likishabonyea, kibomba cha kunyonyea kinakaribia kugusa chini, boya la geji linakwama au kusoma uongo, na ujazo unapungua. Kwa hiyo geji iliyoanza kudanganya ghafla ni sababu ya kuchungulia chini ya gari. Na usijaribu kuliinua bati kwa moto. Tangi linaloonekana kavu bado lina mvuke.