Nilivyofanya alama za Kiebrania zitoke sawa kwenye Windows, Mac na Linux

Naandaa vitini vya Kiebrania cha Biblia kwa wanafunzi wa theolojia hapa Dar es Salaam. Faili moja hupita kwenye Windows ya ofisini, laptopu yenye Linux na Mac ya mpangaji kurasa, kisha huishia steshenari ya Kariakoo kuprintiwa. Herufi hazisumbui. Zinazosumbua ni alama: kistari kinakaa chini badala ya juu, ritifaa inahamia upande mwingine wa neno, na ukitafuta neno unaloliona kwa macho yako, kompyuta inajibu halipo.

Anayeandika Kiswahili anaijua nusu ya shida hii kupitia neno ng'ombe. Katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi na alama msimbo wake, ritifaa iliyonyooka ni U+0027, ile iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe ni U+2019. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Kiebrania kinaongeza ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo sahihi.

Nukta, mkato na alama ya kuuliza za Kiebrania ni zilezile zetu. Hazigeuzwi kama za Kiarabu. Za kushughulikia ni nne. Maqaf ־ ni U+05BE, kiungo cha maneno kinachokaa usawa wa juu wa herufi, kama katika עַל־פְּנֵי ya Mwanzo 1:2. Geresh ׳ ni U+05F3. Huonyesha ufupisho na pia sauti ngeni, ndiyo maana mlima wetu Kilimanjaro huandikwa קילימנג׳רו, geresh ikiigeuza ג kuwa j. Gershayim ״ ni U+05F4 na hukaa kabla ya herufi ya mwisho ya kifupisho: תנ״ך (Tanakh, Biblia ya Kiebrania). Sof pasuq ׃ ni U+05C3, hufunga aya ya Biblia, na wengi huandika nukta pacha mahali pake.

Kwa nini usitumie tu kistari na ritifaa za kawaida, kama wanavyofanya hata Waisraeli wengi? Kwenye maandishi ya Kiebrania kitupu unaweza kupona. Kwenye kitini cha Kiswahili hutapona. Unicode inaipa kila herufi tabia ya mwelekeo. Geresh, gershayim, maqaf na sof pasuq zimepewa mwelekeo wa kulia kwenda kushoto, sawa na herufi za Kiebrania zenyewe. Ritifaa haina mwelekeo wake. Inafuata jirani na aya. Andika katika aya ya Kiswahili kwamba צ׳ husomeka ch, ukitumia geresh: alama inabaki kushoto kwa צ, mahali pake. Weka ritifaa ya kawaida, nayo ikijikuta kati ya neno la Kiebrania na neno la Kiswahili itafuata mwelekeo wa aya na kurukia kulia, mbele ya herufi. Mwanafunzi atainakili hivyo hivyo kwenye daftari. Nukta pacha mwishoni mwa aya ya Biblia hufanya vilevile.

Basi kanuni yangu ni kuchagua alama kwa msimbo wake, sio kwa sura yake.

Njia ya kuingiza hutegemea mashine. Kwenye Windows ongeza Kiebrania na uchague kibodi iitwayo Hebrew (Standard), si ile ya Hebrew pekee. Hapo Alt ya kulia pamoja na kitufe cha kistari hutoa maqaf. Ndani ya Word, njia isiyokosea kwa alama yoyote ni kuandika 05F3 kisha Alt+X. Tarakimu zinageuka kuwa geresh palepale. LibreOffice nayo inakubali Alt+X. Kwenye Linux nyingi bonyeza Ctrl+Shift+U, andika 05f3, kisha Enter. Kwenye Mac washa kibodi ya Unicode Hex Input, shikilia Option na uandike tarakimu nne.

Njia hizo zinafaa kwa alama moja moja. Kwa kurasa sitini zinachosha, na vidole vikichoka vinarudi kwenye ritifaa. Nilichofanya ni kutengeneza kibodi moja kwa Keyman, programu ya bure ya shirika la SIL inayofanya kazi Windows, macOS, Linux na kwenye simu. Herufi 27, pamoja na zile tano za mwisho wa neno, nimeziacha kwenye vitufe vya kawaida vya Kiebrania (א kwenye t, ש kwenye a, na kuendelea). Kisha mistari minne ndani ya Keyman Developer, programu yake ya kutengenezea kibodi:

+ [RALT K_HYPHEN] > U+05BE
+ [RALT K_QUOTE] > U+05F3
+ [RALT SHIFT K_QUOTE] > U+05F4
+ [RALT K_COLON] > U+05C3

K_COLON ni kitufe cha nukta mkato, na RALT ni Alt ya kulia. Kwenye Mac ni Option ya kulia. Ukishapakia kibodi hii kila mahali, kidole hakina haja ya kukumbuka kiko kwenye mashine gani. Simu inahitaji mpangilio wake wa kugusa, ambao hutengenezwa humohumo Keyman Developer.

Kabla ya kuandika, zima kwenye Word ile huduma ya kupindisha alama za mtajo. Iko kwenye AutoCorrect Options, sehemu ya AutoFormat As You Type. Isipozimwa, ritifaa yoyote itakayoponyoka itageuka U+2019, na usafi utakuwa mara mbili.

Faili za zamani husafishwa LibreOffice, Tafuta na Badilisha ikiwa imewashwa ruwaza (Regular expressions). Kwa maqaf natafuta:

(?<=[\u05B0-\u05EA])-(?=[\u05D0-\u05EA])

na kubadilisha kwa ־. Ruwaza inadai Kiebrania pande zote mbili za kistari, na hilo si la kupuuza. Ukibadilisha vistari vyote kwa mkupuo, rejeo la Mwanzo 1:5-10 katika aya ya Kiswahili litaonekana 1:510־, kwa sababu maqaf inavuta 10 upande wake. Kwa gershayim weka " mahali pa kistari ndani ya ruwaza hiyohiyo, alama za mtajo zilizozunguka sentensi hazitaguswa kwa kuwa hazina herufi pande zote. Rudia kwa ile iliyopinda, U+201D. Geresh ya katikati ya neno inakubali njia hiyo. Ya mwisho wa neno naikagua kwa mkono, maana inaweza kuwa ni mtajo unaofungwa.

Irabu, zile nukta na vistari vinavyowekwa kwenye herufi, zina tatizo lao, nalo hujificha zaidi. Mimi naandika herufi, kisha nukta ya shin au sin (inayotofautisha sauti mbili za ש), kisha dagesh (nukta ya ndani ya herufi), mwisho irabu. Lakini utaratibu wa Unicode wa kusawazisha maandishi hupanga irabu kwanza, dagesh ifuate, nukta ya shin mwisho. Kwa hiyo בְּרֵאשִׁית uliyoichapa na ile iliyopita kwenye programu inayosawazisha hufanana kwenye ukurasa, ila kihariri cha kawaida hakiioni moja ukitafuta nyingine. Dawa ni kupitisha maandishi yote kwenye mstari mmoja wa Python, lugha ya kuandikia programu: unicodedata.normalize('NFC', maandishi), kabla ya kuyaunganisha.

Baki ya kazi ni fonti. Fonti isiyo na irabu zilizopangwa vizuri itatupa dagesh nje ya herufi hata kama misimbo yote ni sahihi. Natumia Ezra SIL, ambayo ni ya bure. Kwenye Word fonti ya Kiebrania huchaguliwa kwenye kisanduku chake peke yake, Complex scripts, ndani ya dirisha la Font. Ukibadilisha fonti ya Kilatini tu, Kiebrania hakitikisiki. Kisanduku hicho huonekana baada ya Kiebrania kuongezwa kwenye lugha za kuhariri.

Steshenari usipeleke docx. Kompyuta yao haina Ezra SIL, itaweka fonti nyingine na mistari itavunjika upya. Peleka PDF, na kabla ya kuitia kwenye fleshi fungua sifa za faili, sehemu ya fonti, uone kama Ezra SIL imepachikwa. Ukifika, omba ukurasa mmoja kwanza, wenye עַל־פְּנֵי na צ׳ ndani ya sentensi ya Kiswahili. Maqaf ikiwa juu na geresh ikiwa kushoto, waambie watoe nakala zote.