Nilijiunga na mbio za nyika kwa sababu ya mkate

Wacha niseme ukweli, mimi sikuingia timu ya kroskantri, yaani mbio za nyika, eti kwa sababu napenda kukimbia. Niliingia kwa sababu ya mkate. Ilikua 2013, niko kidato cha kwanza, wiki ya pili kwenye shule ya bweni karibu na Eldoret, mtoto wa Mombasa ambaye maishani mwake hajawahi kuvaa sweta mbili kwa mpigo, na pale bwaloni kila asubuhi nawaona wasichana fulani wanaongezewa vipande viwili vya mkate na yai la kuchemsha. Nikauliza hawa ni watoto wa nani? Nikaambiwa hao ni wa kroskantri. Basi mwalimu wa michezo aliposimama paredi kuuliza nani anataka kujaribu, hajamaliza swali mkono wangu ushafika juu.

Na pia nilikua na kiburi, siwezi kuficha. Mbio za nyika za dunia za 2007 zilifanyika kwetu, pale Mombasa Golf Club, Mama Ngina, na mimi niliziona nikiwa juu ya mabega ya mjomba huku analalamika nimekua mzito. Siku hiyo jua lilikua si la mchezo. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye alikua ameshinda miaka mitano mfululizo, alitoka njiani hakumaliza, Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua. Mtaani kwetu watu walijigamba mwezi mzima kwamba aliyemtoa Bekele ni joto la Mombasa. Kwa hiyo kichwani mwangu hesabu ilikua rahisi, watu wa bara joto letu linawashinda, baridi yao mimi itanifanya nini? Kwamba Linet Masai, mtu wa Mt Elgon huko bara, alishinda mbio za wasichana chipukizi kwenye joto hilohilo, hilo nilijifanya silikumbuki.

Baridi kweli haikunifanya kitu. Hewa ndiyo ilinifanya.

Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mimi nimezaliwa kwenye usawa wenyewe. Huko juu hewa ni nyepesi, pumzi moja inaingiza oksijeni kidogo kuliko kwetu, na mwili unataka wiki kadhaa ndio uanze kuzoea na kutengeneza chembe nyekundu za damu za kutosha. Hayo nimekuja kuyasoma baadaye. Asubuhi ya kwanza, saa kumi na moja na nusu, giza totoro, barabara ya maramu, mimi nilichomoka mbele kama nimeona feri inafunga milango. Mita mia tano hivi nilikua naongoza, wallahi, nikajiona kabisa nishafika Olimpiki, alafu kifua kikafunga, miguu ikawa ya mtu mwingine, na kundi lote likanipita likiwa linapiga stori. Stori! Wanajadili mtihani wa hesabu! Nikakaa kando ya njia, akapita mzee na baiskeli amebeba mitungi ya maziwa, akasimama kabisa akaniuliza, "Mtoto, nani alikua anakufukuza?"

Siku ya tatu nilitaka kuacha, hasa baada ya kugundua kwamba mkate ni wa wale waliochaguliwa kwenda mashindano tu, sisi wa kujaribu tunakunywa uji kama kawaida. Lakini mwalimu akanikabidhi kwa dada mmoja wa kidato cha tatu, Mkeiyo kwa kabila, mpole, hana maneno mengi. Jina langu hakulitumia hata siku moja, aliniita Pwani. Akaniambia, "Pwani, mimi sijawahi kuona bahari. Leo utanisimulia tukikimbia. Ukishindwa kuongea, tunapunguza."

Tukapunguza mpaka aibu. Nyanya na kikapu chake cha sukuma angetupita. Watoto wa msingi walitupita na mabegi mgongoni wakitucheka, na mimi nilikua naona afadhali nife nikikimbia kwa kasi kuliko kuonekana hivyo, ila kila nikiongeza mwendo sentensi inakatika katikati na yeye anashika mkono wangu, "Sijasikia, rudia." Nikamsimulia feri ya Likoni, ile mikokoteni, wauza korosho, milango ikifunguliwa umati wote unatimka. Nikamsimulia mahamri na mbaazi ya mamangu. Kulikua na stori ya mbuzi aliyekata kamba katikati ya feri, hiyo ilinichukua karibu wiki tatu kwa sababu kila tukifika kwenye kile kilima karibu na kiwanda cha chai cha jirani pumzi inaisha na mbuzi anabaki palepale.

Mambo mengine madogo: pini ya mtandio ilikua inanidunga kidevu nikajifunza kuufunga kwa nyuma. Nilijaribu kukimbia pekupeku kama wenzangu, siku moja tu, jiwe likanifundisha adabu nikarudi kwa raba zangu.

Mwalimu alituelezea pointi kwa kuchora vumbini na kijiti. Nafasi uliyomaliza ndiyo pointi yako, timu yenye pointi chache inashinda. Kwetu walikua wanakimbia sita wanahesabiwa wanne. Nikauliza sasa wa tano na wa sita wanafanya nini, akasema ukimpita wa nne wa shule nyingine, yeye umemuongezea pointi hata kama wewe huhesabiwi. Nilipenda sana hiyo, sijui kwa nini, labda ni ubaya tu.

Mashindano ya zoni, kilomita sita kwenye shamba la ngano lililokwishavunwa, mabua yanachoma miguu. Nilikua wa sita kwenye timu, aliyekua wa sita alipata malaria. Bunduki ikalia watu wakachomoka, na mimi miguu ikataka, ikabidi nianze kujisimulia mwenyewe kwa sauti, feri imejaa, mbuzi yuko mbele, mwenye mbuzi ana kanzu. Msichana aliyekua pembeni yangu alinitazama akasogea mbali kidogo. Kwenye mzunguko wa mwisho nikaanza kupita watu, wale wa kuchomoka, nawajua, nilikua wao. Nikamaliza wa 38 na kumpita wa nne wa shule fulani hatua chache kabla ya kamba. Timu yetu ikawa ya pili.

Nikalala kwenye mabua. Yule dada alikua ameshamaliza zamani, ashavaa sweta, amekuja na mkate mkononi. Akachuchumaa.

"Pwani, sasa yule mbuzi alifika Likoni ama alirudi mjini?"

Nikafungua mdomo, hakuna kitu kikatoka.