Ile "s" isiyoingia hata uisahihishe mara ngapi

Fungua daftari la Kiingereza la kidato cha pili hapa Kigoma, iwe Ujiji au Buhigwe, hutakosa sentensi ya namna hii: "My mother she sell fish." Kalamu nyekundu imekata "she", imeongeza "s" kwenye "sell". Geuza ukurasa, makosa yote mawili yapo palepale. Mwalimu anaandika pembeni "Kuwa makini!" kana kwamba shida ni uzembe. Makosa haya mawili yamekaa jirani tu. Chanzo chake si kimoja, na dawa yake si moja.

La kwanza limetoka nyumbani. Kiswahili, kama Kiha, hubandika kiambishi cha mtenda kwenye kitenzi hata mtenda akiwa ameshatajwa: mama anauza migebuka. Mtoto anaitafutia ile "a-" mahali kwenye Kiingereza, anaangukia "she". Mwanaisimu Robert Lado alisema mwaka 1957 kwamba ugumu wa lugha ya pili unatokana na pale inapotofautiana na lugha ya kwanza, na kwa kosa hili maelezo yake yanatosha. Andika sentensi mbili ubaoni, ya Kiswahili juu na ya Kiingereza chini, piga mstari chini ya "a-" na uwaoneshe kwamba huku chini haina mwenzake. Fanya hivyo kwa sentensi tano au sita zenye watenda tofauti, kisha waandike zao.

Kosa la "s" ni habari nyingine kabisa. Kama tofauti za lugha zingekuwa ndiyo sababu pekee, Mswahili asingehangaika nayo. Huyu ni mtu anayepatanisha kila kitu tangu utotoni: kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mti umeanguka. Upatanisho anaujua kuliko Mwingereza mwenyewe! Bado "s" anaiacha, na mtoto wa Kichina au wa Kihispania anaiacha vilevile. Heidi Dulay na Marina Burt walichapisha mwaka 1974 utafiti wa watoto wa lugha hizo mbili waliokuwa wakijifunza Kiingereza, wakaona mfuatano unaokaribiana: "-ing" na "s" ya wingi hutangulia, "s" ya nafsi ya tatu hukawia sana. Haibebi maana mpya, maana ukishasikia "my mother" unajua ni mtu mmoja. Masikioni ni nyepesi. Halafu, kama anavyoeleza mwanaisimu Manfred Pienemann, kuitamka kwa wakati kunataka kichwa kishikilie taarifa ya kiima mpaka kitenzi kifike, huku mwanafunzi bado anahangaika kutafuta neno lenyewe. Ndiyo maana kwenye zoezi la kujaza nafasi anapata kumi kwa kumi, akisimama kuongea inapotea.

Mwanaisimu Pit Corder mwaka 1967 aliwaambia walimu wayasome makosa kama ushahidi wa mwanafunzi amefika wapi. Larry Selinker, mwaka 1972, akaipa jina lugha hiyo ya katikati, ambayo si ya nyumbani wala si ile inayolengwa, ila ina kanuni zake. Kanuni hizo zinaonekana wazi kwenye maswali. Mwanafunzi huanza na sentensi ya kawaida yenye sauti ya kuuliza: "You go to Kasulu?" Baadaye anatanguliza neno la kuuliza bila kugusa mengine: "Where you go?" Kisha anaweza "Where is he?", halafu "Where did he go?" Akishaizoea hii ya mwisho anaanza kusema "I don't know where did he go", na mwalimu anaona karudi nyuma. Hajarudi. Amepata kanuni mpya na anaitumia kupita kiasi. Hatua inayofuata ni kujua wapi aiache. Wa "Where you go?" ukimrukisha hadi "I don't know where he went" ataikariri, na mtihani ukiisha imeondoka.

Kwa hiyo pima kwanza. Wape picha moja yenye shughuli nyingi, soko au mwalo, kila mmoja aulize maswali mawili kwa mdomo, bila kuandika. Darasa la watu 60 huwezi kulimaliza kwa kipindi kimoja. Chukua dawati mbili mbili kila siku, uweke alama ya hatua tu. Fundisha hatua inayofuata ile ambayo wengi wamefikia.

Kuhusu kusahihisha kwa mdomo, tuna tabia moja isiyozaa. Mwanafunzi anasema "He go there yesterday", mwalimu anajibu kwa upole "Oh, he went there", mwanafunzi anaitika "Yes". Kwake mwalimu amekubaliana naye! Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, wakachapisha mwaka 1997: njia hii ilikuwa zaidi ya nusu ya masahihisho yote, na ndiyo iliyowafanya wanafunzi wajirekebishe kwa uchache zaidi. Badala yake rudia mpaka kwenye kosa, "Yesterday he...?", nyamaza sekunde tatu nne, mwache alitafute mwenyewe. Fanya hivi kwa kile alichokwisha kufundishwa tu. Asilolijua mpe, usimsimamishe mbele za watu akitoka jasho.

Stephen Krashen, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza lugha ya pili, angesema tumeanzia pabaya, kwamba lugha huingia kwa kusoma na kusikiliza kinachoeleweka, kilichopita kidogo tu uwezo wa msomaji. Simkubalii yote. Merrill Swain alionesha mwaka 1985 kwamba watoto wa Kanada wanaoongea Kiingereza nyumbani, waliosoma masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka, walielewa vizuri, ila sarufi ya kuongea na kuandika ilibaki nyuma, kwa kuwa hawakusukumwa kusema kwa usahihi. Ila kwetu hata hicho cha kueleweka ni haba. Kunakili notsi ubaoni si kusoma. Chagua kifungu cha maneno 100, kila mmoja apigie mstari asiyoyajua. Yakiwa mawili au pungufu, kinafaa kusomwa peke yake. Matatu hadi kumi, kisomwe pamoja na mwalimu. Yakizidi kumi, kirudishe kabatini hata kama mtaala unakitaja, utafute kifupi zaidi chenye mada ileile.