Buddha wa Tezuka na yule mtoto Asaji

Nimemaliza juzuu la mwisho la Buddha ya Osamu Tezuka na usingizi hauji, basi acha niandike. Manga yenyewe (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya zamani, ilikuwa inatoka kidogo kidogo kule Japani kuanzia 1972 mpaka 1983, mimi ndo kwanza naifikia.

Nilitegemea ile hadithi inayojulikana, mtoto wa mfalme wa Kapilavastu anaona mzee, mgonjwa na maiti, anaacha jumba na familia anaingia msituni. Kumbe juzuu la kwanza Siddhartha mwenyewe, yaani huyo mtoto wa mfalme atakayekuja kuwa Buddha, humwoni, anazaliwa huko mwishoni, kabla ya hapo unahangaika na Chapra, mtumwa anayejipenyeza mpaka kwa wakubwa, na Tatta, katoto ka tabaka la chini kabisa kanakoweza kuingia ndani ya wanyama. Hao Tezuka kawatunga tu. Ila ukishaona Chapra na mama yake wanavyoishia, yale atakayosema Buddha baadaye kuhusu matabaka huyasikii kama mahubiri, unajua anamsemea nani.

Aliyenimaliza ni Asaji. Kwenye mapokeo ni mmoja wa wale watano wa kwanza kufundishwa na Buddha pale Sarnath, mtu mzima kabisa. Humu ni mtoto mgonjwa mgonjwa, makamasi yanachuruzika, anafuata watu nyuma kama hana habari, halafu anajua siku atakayokufa na ikifika anajitoa mwenyewe aliwe na mbwamwitu wenye njaa. Siddhartha hana la kufanya. Mwanzo kabisa wa kitabu kuna sungura anajirusha motoni ili mzee mwenye njaa apate kula, niliipita kama kisa cha watoto, sasa Asaji kanirudisha huko na sijui hata nisemeje, maana sungura unamsifia, mtoto unataka umkamate mkono umvute.

Utani wa Tezuka wa mambo ya kisasa katikati ya India ya kale mimi nauvumilia, saa nyingine unanichekesha kabisa, ingawa kuna sehemu unatamani angenyamaza kidogo.

Ugomvi wangu naye ni Yashodhara, mke wa Siddhartha, jamani. Mwanamke kaachwa na kichanga, Rahula, mume kaenda kutafuta ukweli, na Tezuka anampitia juu juu tu, wakati Migaila yule jambazi anapewa nafasi ya kulia, kupenda, kuugua, kila kitu. Hapo mzee sijamkubali.