Kutafuta sauti ya besi ndani ya bendi: kumbukumbu ya wiki ya 6

Wiki hii nimeacha kurekebisha sauti ya gitaa langu la besi nikiwa peke yangu chumbani, na uamuzi huo umenisaidia kuliko kifaa chochote nilichojaribu tangu nianze. Chumbani nilikuwa nimepandisha besi (sauti nzito) na trebo (sauti nyembamba) na kushusha masafa ya kati (sauti zilizo kati ya hizo mbili), nikapata sauti nene yenye kung'aa ambayo niliipenda kwa dhati. Lakini mara ngoma na magitaa mawili yalipoingia, sauti hiyo ilimezwa, kikabaki kishindo kisichotambulika ni noti gani.

Sasa naielewa sababu. Uzi wa E usiobanwa hutetema takribani mara 41 kwa sekunde, na huko chini ndiko inakonguruma pia ngoma ya mguu, ilhali juu kumejaa matoazi na magitaa. Nafasi iliyobaki wazi ni ya masafa ya kati, yale yale niliyokuwa nimeyapunguza. Isitoshe, sikio halizisikii vyema sauti nzito zinapopigwa kwa nguvu ndogo, kwa hiyo besi niliyoiongeza nikipiga kwa sauti ndogo chumbani ilizidi mno tulipopandisha amplifaya mazoezini.

Siku ya mazoezi nilirudisha kila kitu katikati, nikashusha besi kidogo, nikapandisha masafa yaliyo karibu na hezi 800 (mitetemo 800 kwa sekunde), na trebo nikaipunguza. Nilipopiga peke yangu sauti ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesemea puani, na nusura niibadilishe. Tulipoanza wimbo, kila noti ilisikika, na mpiga ngoma akaacha kuniomba niongeze sauti.

Mkono nao una kazi kubwa. Nikipiga karibu na shingo ya gitaa sauti huwa ya duara, nikisogea kwenye daraja huwa kali na yenye mipaka, hivyo kwenye beti nakaa shingoni na kwenye kiitikio nasogea nyuma, bila kugusa amplifaya.

Bado uzi wa E unavuma kupita wenzake. Tumeitoa amplifaya kwenye kona, ambako kuta zilikuwa zikiongeza uzito, na mvumo umepungua ingawa haujaisha. Wiki ijayo nitafunga nyuzi za waya bapa, aina aliyoitumia mpiga besi James Jamerson katika rekodi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, kisha nitashusha kidogo sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, upande wa E.