Jua la Septemba na mabomba ya nyumba zetu Tabora

Ikifika Agosti simu yangu haipumziki. Majani ya miombo yameshapukutika, vumbi limetanda kuanzia Ipuli mpaka Ng'ambo, na wateja wananiuliza mambo yale yale ya kila kiangazi: mbona bomba limepasuka na hakuna aliyeligusa, mbona koki inatoa maji ya moto saa nane mchana, mbona bafu la wageni linanuka. Mimi ni fundi bomba, kazi nimejifunzia chuo cha ufundi cha VETA hapa hapa mjini, na mambo haya yananiuma. Mtu amejinyima miaka, amepandisha nyumba tofali kwa tofali, kisha mfumo wake wa maji unaharibika kwa sababu bomba liliachwa juani wakati lingeweza kuzikwa kwa kazi ya asubuhi moja.

Nianze na hilo la kupasuka, maana ndilo linalokula pesa nyingi.

Yale mabomba ya PVC, meupe au ya kijivu, hayakutengenezwa kukaa juani. Mionzi inakausha plastiki yenyewe. Pitisha kidole juu ya bomba lililokaa ukutani misimu kadhaa, upande wa magharibi hasa, utaona limepauka na linaacha unga. Hilo limeshapoteza unyumbufu. Mtoto akiligonga na mpira, au ngazi ikiliegemea, linapasuka. Ongeza joto lenyewe: bomba lililoandikwa PN 10 linabeba msukumo wa bar 10 (bar ni kizio cha msukumo), lakini kipimo hicho ni cha maji ya ubaridi wa kawaida. Plastiki ikifika nyuzi 45, uwezo wake unakuwa umepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Hewa ya Tabora mwezi wa Septemba na Oktoba inacheza kwenye nyuzi 32 au 33 mchana, ila bomba lililolala juu ya bati au ukutani linapata joto kuliko hewa inayolizunguka.

"Sasa mbona linapasuka alfajiri, wakati wa baridi?" Mama mmoja wa Kiloleni aliniuliza hivyo tukiwa tumesimama kwenye tope la uani kwake. Swali zuri sana. Usiku watu wamelala, koki zimefungwa mji mzima, kwa hiyo msukumo kwenye mabomba unapanda. Mchana jua linalidhoofisha bomba, usiku msukumo unalimaliza. Na tangu maji ya Ziwa Victoria yafike huku, baadhi ya mitaa ninayofanyia kazi inapata msukumo ambao haikuwahi kuuona enzi za kutegemea bwawa la Igombe peke yake. Nyumba zilizotandazwa mabomba zamani, kwa viungio vya kubahatisha, zinaumia kwanza. Kama kwako viungio vinaachia mara kwa mara, mwambie fundi akupimie msukumo, na ukizidi akufungie valvu ya kuupunguza baada ya mita. Bei yake inauma, najua, lakini ukijumlisha vibarua wa kuchimba, gundi na maji yaliyomwagika utaona ni afadhali.

Dawa ya jua ni kuzika. Pale pasipozikika, tumia bomba jeusi la poli. Weusi wake unatokana na masizi yanayochanganywa kwenye plastiki makusudi ili izuie mionzi. Kama PVC imeshapita ukutani na huna uwezo wa kuibadilisha leo, ipake rangi nyeupe ya maji, ile ya kuta. Rangi ya mafuta achana nayo, vimiminika vyake vinaweza kuidhuru plastiki.

Yale mabomba ya kijani ya kuchomelea nayo yana tabia yake: yanarefuka. Kila mita moja inaongezeka milimita 0.15 kwa kila nyuzi moja ya joto. Inaonekana ndogo, lakini bomba la mita 10 likipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya usiku na mchana, linarefuka sentimeta nne na nusu. Ukiwa umelibana kwa saruji huku na huku, litajikunja katikati au litang'oa elbo, kile kiungio cha kona. Liwekewe vishikizo vinavyoliruhusu kuteleza, na lipewe kona ya kupumulia.

Kuhusu kuzika, tazama udongo wako. Walio kwenye udongo mweusi wa mbuga wanajua ardhi yao inavyopasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi, kisha inavimba mvua za Novemba zikianza. Udongo ule unavuta na kusukuma bomba kila mwaka. Chimba mtaro wa sentimeta 60 au zaidi, tandika mchanga, laza bomba, funika na mchanga tena, ndipo urudishe udongo.

Haya, maji ya moto. Mzee wangu mmoja wa Gongoni ana ndugu zake Muscat, kama familia nyingi za Tabora zenye asili ya Oman, na alinisimulia wanavyofanya huko kwenye jangwa kweli, ambako kiangazi joto linavuka nyuzi 40. Matangi yako juu ya paa na maji yake hayaogeki. Basi wanazima hita kabisa. Maji yanayokaa ndani ya hita, kwenye kivuli cha nyumba, yanapoa, kwa hiyo koki ya maji moto ndiyo inayotoa maji ya baridi. Nilifurahi sana kusikia hilo. Mwenye hita ya tangi humu ndani kwetu anaweza kufanya vivyo hivyo Oktoba, na umeme anaokoa.

Kwa simtanki iliyo juu ya mnara wa tofali, tengeneza kivuli. Bati mbili juu ya nguzo, zikae mbali kidogo na tangi ili hewa ipite, zinatosha. Usihangaike kutafuta tangi jeupe kwa ajili ya ubaridi tu: plastiki inayopitisha mwanga inaotesha ukijani ndani, na tangi jeusi linauzuia. Mfuniko ukae umefungwa, na bomba la kumwagia maji ya ziada liwe na wavu, mbu wasiingie.

Wengi wananiambia wataweka tangi chini ya mwembe. Tabora ni mji wa miembe na kivuli chake ni neema, sikatai. Lakini mizizi inatafuta unyevu kiangazi chote, na kiungio cha bomba la maji taka kinachovuja kidogo tu kinatosha kuikaribisha. Nimetoa kwenye chemba mizizi iliyojaa bomba zima la inchi nne. Tangi likae chini ya mwembe ukipenda, ila bomba la maji taka lipite upande mwingine wa uwanja.

Harufu ya bafu la wageni haihitaji kuvunja sakafu. Bibi mmoja wa Cheyo alishaambiwa avunje, na alikuwa ameanza kutafuta pesa. Nikamsalimia, nikaomba jagi la maji, nikamwaga kwenye tundu la sakafuni. "Ndiyo hivyo tu, mwanangu?" Ndiyo hivyo tu, bibi. Chini ya kila tundu kuna kona iliyopinda inayotakiwa kushika maji, sentimeta tano hivi, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya shimo. Bafu lisipotumika, kiangazi kinayakausha. Mwaga maji kila wiki. Ukisafiri, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, yataelea na kuchelewesha ukaukaji.

Mwisho, bili. Mpira wa koki na wa flashi unakakamaa na joto, kisha unavuja kimya kimya. Tone moja kila sekunde linafikia lita 20 kwa siku, ndoo nzima. Flashi unaipima kwa chai ya rangi: mimina ndani ya tangi lake, usivute, subiri nusu saa. Ukiona rangi kwenye bakuli la choo, badilisha mpira.

Kisha, tangi likiwa limeshajaa, funga koki zote ndani, nenda kwenye mita, utazame kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, funga valvu ya kuingilia tangi, utazame tena. Kikisimama, boya la tangi ndilo halifungi. Kikiendelea, maji yanapotelea ardhini kati ya mita na nyumba. Hapo tembea taratibu ukifuata njia ya bomba. Mahali ambapo nyasi ziko kijani mwezi wa Septemba, anza kuchimba.