Lita Moja ya Maji

Mwaka 2008 nilikuwa darasa la sita, hapa Kigoma, na nilikuwa najiona. Tulikuwa tumemaliza mada ya vipimo, na ngazi yote niliijua kwa wimbo, kilomita, hektomita, dekamita, mpaka milimita, bila kuvuta pumzi katikati.

Mama aliuza mawese. Aliyachukua Mwandiga kwa shangazi, ambaye aliyakamua mwenyewe, akayaleta sokoni Mwanga kwa madumu ya lita 20. Mengine aliyapima rejareja, mengine waliyachukua wachuuzi wa kupanda treni kwenda Tabora.

Jumamosi moja mchuuzi mmoja alifika na mizani ya kuning'iniza. Siku zote alikuwa akinunua kwa dumu, shilingi 20,000. Siku hiyo akataka kwa kilo, kila kilo 1,000. "Bei ni ileile mama, ila mizani haina upendeleo." Akatundika dumu la kwanza. Kilo 19. Akatoa kilo moja ya chombo, zikabaki 18.

"Kumi na nane kivipi?" Mama akauliza. "Hili limejaa mpaka shingoni."

"Halikujaa, mama. Kawaulize waliokupimia."

Mama akanigeukia. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, daftari mapajani, nikisubiri kuulizwa.

"Lita moja ni kilo moja, Mama. Kama ni kilo 18, basi humo mna lita 18."

Mchuuzi akajipiga paja. "Umemsikia msomi wako?" Akanipa shilingi mia, nami nikaipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

Madumu yalikuwa sita. Kwa hesabu ya zamani Mama angepata 120,000, akaondoka na 108,000. Tukiwa njiani alisema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba dumu la maji humvunja shingo kuliko la mawese. Nikamwambia ni mazoea tu. Mtu amebeba madumu kichwani tangu usichana wake, na mimi namweleza uzito.

Kesho yake alikwenda Mwandiga. Sikuwepo, ila jioni nilimsikia akimwambia jirani kwamba wifi yake anampunja lita mbili kila dumu, na kwamba alipoulizwa alilia na kuapa. Kwa wiki mbili Mama alinunua mawese kwingine. Yule mwingine naye, ajabu, madumu yake yalikuwa na kilo 18.

Mwalimu ndiye aliyenivua nguo, bila kukusudia. Alichora ubaoni pipa, mcheduara wenye kipenyo cha sentimita 56 na kimo cha sentimita 85, akauliza linachukua lita ngapi. Nusu kipenyo 28. Ishirini na mbili juu ya saba, mara 28, mara 28, saba inaingia kwenye 28 mara nne, mara 85. Sentimita za ujazo 209,440, gawanya kwa 1,000, lita 209.44. Nilimaliza wa kwanza. Kwa kuwa sikutosheka na sifa hiyo, nikaongeza: "Na uzito wake ni kilo 209.44, mwalimu."

"Uzito wa nini?"

Nikanyamaza.

"Swali limesema pipa lina nini?"

Nilifungua daftari kurasa za nyuma. Nilikuwa nimeandika kwa mwandiko mzuri kabisa, na kupigia mstari kwa rula: *Lita 1 = kilo 1*. Nikaazima daftari la jirani yangu. Lake lilisema: *Lita 1 ya maji = kilo 1*.

Nilimkuta Mama jikoni, dagaa wanachemka. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, mahali pazuri pa kukimbilia. Hakunyanyua mwiko. Alifunua sufuria tu, akauliza, "Mafuta yako wapi hapo?"

"Juu ya mchuzi."

"Basi." Akafunika. Baadaye kidogo akasema, "Mimi nilijua. Nilidhani shule inajua zaidi."

Usiku huo tulikaa na kibatari. Kama kilo ni *x*, nikaandika, basi 18*x* = 20,000, na *x* ni 1,111 na nukta yenye moja zisizokwisha. Mama alizitazama zile moja zikijipanga mpaka ukingoni mwa karatasi. "Nani atanilipa vipande hivyo? Andika 1,120."

Jumapili tulikwenda Mwandiga na kilo mbili za sukari. Nilimpigia shangazi magoti nikamsimulia yote, hata ile shilingi mia. Alisikiliza huku akichambua chikichi, hakucheka. Mama alikuwa anatazama michikichi. Kisha shangazi akaokota kipande cha mkaa jikoni, akanisogezea dumu.

"Andika hapo."

Nikaandika: LITA 20, KILO 18.

"Soma."

Nikasoma.

"Ongeza 'ya mawese'," akasema, na akarudi kwenye chikichi zake.